Nahamia mji mgeni kwa masomo: je, baiskeli inatosha kuwa usafiri wangu wa kila siku?

Mwanafunzi Mgeni

Ndugu zangu, salaam. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya kwanza katika mji ambao sijawahi kuukanyaga, na masomo yanaanza baada ya majuma sita. Chumba nilichopata kiko takriban kilomita 6 kutoka madarasani, kwa mujibu wa ramani ya simu. Nauli ya basi mara mbili kwa siku itakula sehemu kubwa ya fedha zangu za kujikimu, na kutembea zaidi ya saa nzima kila asubuhi ni kujichosha kabla hata sijafungua daftari. Ndiyo maana nimeanza kufikiria baiskeli.

Tatizo ni kwamba mara ya mwisho kuendesha baiskeli kwa dhati nilikuwa na umri wa miaka 13, tena kwenye njia zisizo na magari. Sijawahi kukatiza makutano ya mjini nikiwa juu ya baiskeli, na nikiri wazi kwamba malori na mabasi yananitisha. Ninayo baiskeli ya zamani nyumbani ambayo ingehitaji matengenezo, na sijui kama nisafiri nayo au ninunue nyingine nikifika. Nimesikia pia kwamba wezi wa baiskeli huwalenga wanafunzi hasa, kwa kuwa ratiba yao inajulikana. Tena kuna suala la jasho: sitaki kuingia darasani nikiwa nimelowa mgongo mzima. Wenye uzoefu, naomba mnieleze mambo yalivyo, hata kama jibu lenyewe ni kwamba nisithubutu.

Kanyaga Twende

Hongera kwa kupata nafasi, mdogo wangu. Nimeishi katika miji mitatu, kwanza nikiwa mwanafunzi na baadaye nikiwa mfanyakazi, na yote nimeizunguka kwa baiskeli. Nitasema ninayoyajua kuhusu njia, na ya vyuma nitawaachia mafundi.

Kilomita 6 zisikutishe. Mtu asiye na mazoezi yoyote maalumu, akiwa na baiskeli ya kawaida mahali tambarare, huenda kilomita 15 hivi kwa saa, yaani dakika 24 za kukanyaga. Ukiongeza taa za barabarani, makutano, na muda wa kufunga baiskeli ukifika, hesabu nusu saa na ushee. Kinachoamua kuliko umbali ni mwinuko. Mlima wa kupanda mita 3 kwa kila mita 100 huwezi kuuhisi ukiwa ndani ya basi, lakini ukiendelea hivyo kwa kilomita nzima utakuwa umepandisha mwili wako, mkoba wako na baiskeli yenyewe kiasi cha ghorofa kumi. Kabla hujaamua lolote, tazama ramani inayoonyesha miinuko, na uangalie kama mlima uko wakati wa kwenda au wakati wa kurudi. Mlima wa kurudi nyumbani jioni ni mazoezi. Ule wa asubuhi ndio unaoleta lile jasho unaloliogopa.

Kosa nililofanya katika mji wa kwanza ni kufuata njia ambayo simu ilinipa, bila kutambua kwamba ilikuwa njia ya magari. Kwa mwezi mzima nilipita barabara kuu yenye njia sita, magari yakinipuliza honi mgongoni, nikaamini kabisa kwamba mji ule haukujengwa kwa ajili ya watu kama mimi. Asubuhi moja nikajikuta nyuma ya mzee mmoja aliyetundika ndoo ya rangi kwenye usukani. Hakuwa na haraka hata kidogo. Kabla ya makutano makubwa akakata kushoto, akapita nyuma ya ukuta wa ghala, akapenya kati ya nguzo mbili fupi zilizowekwa ili gari lisipite, kisha akafuata kijia kando ya mfereji. Nilimfuata kwa udadisi tu. Tulipotokeza niliona mgongo wa maktaba ya chuo chetu, na nilikuwa nimefika mapema kuliko siku zote. Sikupata hata kumshukuru, lakini njia yake niliitumia hadi nilipohitimu.

Kwa hiyo, ushauri wangu ni kwamba utafute njia kabla ya kutafuta baiskeli. Karibu kila barabara kuu ina mtaa unaokwenda sambamba nayo, mmoja au miwili pembeni, wenye magari machache na yanayokwenda taratibu. Njia hiyo ikiwa ndefu kwa kilomita moja, utapoteza dakika nne tu, na utafika moyo ukiwa umetulia. Ijaribu kwanza siku ya mapumziko, kisha irudie siku ya kazi, saa ileile utakayokuwa unakwenda darasani, kwa sababu barabara ya Jumapili mchana na barabara hiyohiyo Jumatatu saa moja asubuhi ni barabara mbili tofauti.

Jambo moja dogo ambalo wengi husahau: kama unahamia nchi ambayo magari hupita upande usiouzoea, shingo yako itaendelea kwa majuma kadhaa kugeuka upande usio sahihi kabla ya kuvuka. Breki nazo zinaweza kubadilika. Uingereza, kwa mfano, mkono wa kulia ndio hushika breki ya mbele, ilhali Marekani na sehemu kubwa ya bara la Ulaya ni mkono wa kushoto. Uholanzi utakutana na baiskeli nyingi ambazo breki ya nyuma hushikwa kwa kurudisha pedali nyuma, na mgeni akijaribu kuzungusha pedali kinyume ili aiweke sawa kabla ya kuondoka, gurudumu humgomea akabaki anashangaa. Jaribu breki zako mahali pa wazi kabla hujaingia barabarani.

Fundi Spoku

Nimekuwa fundi baiskeli kwa miaka mingi, na kila mwanzo wa muhula huniletea wanafunzi walewale wenye kilio kilekile: wamenunua baiskeli iliyopakwa rangi vizuri. Rangi haikanyagi. Kijana, ukinunua baiskeli iliyotumika, ambayo kwa mwanafunzi ndiyo ninayoipendekeza kwa kuwa haimvutii mwizi sana, ikague kwa mikono yako mwenyewe kama ifuatavyo.

Anza na fremu, kwa kuwa mengine yote yanabadilishika. Pitisha kidole pale bomba la chini linapoungana na shingo ya usukani. Rangi ikiwa imejikunja kama ngozi ya kiwiko, au ukihisi uvimbe mdogo, jua kwamba baiskeli hiyo iligonga kitu uso kwa uso, na umshukuru muuzaji kwa muda wake. Kisha ibinue uangalie chini ya pale mikono ya pedali inapozungukia. Hapo mara nyingi ndipo namba ya fremu ilipogongwa. Kama imekwanguliwa, usinunue, kwa sababu utakuwa umenunua machozi ya mwenzako. Kama ipo, iandike kwenye hati ya mauziano, pamoja na jina la muuzaji na tarehe.

Baada ya hapo inua gurudumu moja moja na ulizungushe. Tazama nafasi iliyopo kati ya ringi na raba ya breki: ikiwa ringi inayumba kidogo, fundi ataikaza kwa spoku, ikiwa inaruka juu na chini au inagusa raba kwa nguvu, huenda ukahitaji ringi mpya. Shika mkono wa pedali, si pedali yenyewe, na uutikise kuelekea kwenye fremu na kurudi. Ukisikia mgongano, beringi za ndani zimelegea au zimekwisha. Halafu legeza bomba la kiti na ulipandishe. Watu wengi huruka hatua hii, na ndipo hugundua nyumbani kwamba bomba limeganda kwa kutu ndani ya fremu na kiti hakitawafaa kamwe.

Cheni ina kipimo chake, na huhitaji kifaa cha fundi. Chukua rula ya inchi. Kwenye cheni mpya, ukiweka sifuri katikati ya pini moja, alama ya inchi 12 itaangukia katikati ya pini nyingine kamili. Cheni inapochakaa, ile pini huisogelea mbele alama na kuipita. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni peke yake na utakuwa salama. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya nane, meno ya gia yamekwisha kulika kwa kuifuata, na cheni mpya itakuwa inaruka juu ya meno ya zamani kila ukikanyaga kwa nguvu. Hapo gharama imekuwa ya vitu viwili au vitatu, na bei ya muuzaji inapaswa kushuka kwa kiasi hicho.

Kuhusu tairi, usimwamini mtu anayekwambia tu kwamba ni inchi 26. Jina hilo limewahi kubandikwa kwenye ringi za vipimo mbalimbali visivyoingiliana. Soma ubavuni mwa tairi utafute namba mbili zilizounganishwa kwa kistari, mfano 37-622: ya kwanza ni upana wa tairi na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokalia kwenye ringi, vyote kwa milimita. Tairi la 559 na la 590 yote huitwa inchi 26, na hakuna nguvu za mkono zitakazolifanya moja likae mahali pa jingine. Katika mji mgeni, nunua baiskeli ambayo namba yake ya pili unaiona kwenye baiskeli nyingi za hapo, maana pancha haikupi nafasi ya kuagiza tairi kutoka mbali.

Mwisho ni kimo cha kiti, kwa sababu wengi huendesha magoti yakiwa karibu na kidevu kisha hulalamika kwamba kilomita 6 ni nyingi. Kaa juu ya kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka kabisa bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kama inavyotakiwa, goti litabaki limekunjika kidogo. Ukiwa na wasiwasi wa magari, teremsha kidogo majuma mawili ya kwanza ili uweze kutua mguu haraka, kisha upandishe.

Msafiri wa Masomo

Naongeza kidogo tu kuhusu kusafiri na baiskeli ya nyumbani, kwa kuwa mimi nilifanya hivyo. Nilitumia usiku mzima wa kuamkia safari nikipigana na pedali ya kushoto, nikiikaza nikidhani naifungua, hadi spana ikanichuna vidole. Pedali ya kulia hufunguliwa kama nati nyingine zote, lakini ya kushoto imechongwa kinyume na hufunguliwa kwa kuzungusha upande ambao saa inazunguka. Nilipofika nikakuta foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, imepinda kwa sababu niliondoa gurudumu la mbele bila kuweka kipande cha mti katikati ya miguu ya foki ili isibanwe. Kwa gharama ya mzigo pamoja na matengenezo, ningenunua nyingine hukohuko. Kama baiskeli yako haina thamani ya pekee kwako, iache nyumbani kwa mdogo wako.

Kufuli Mbili

Jina langu humu mnaliona, na sababu yake ni hii. Muhula wangu wa kwanza nilifunga baiskeli mbele ya jengo la maabara kwa kupitisha kufuli kwenye gurudumu la mbele na kwenye chuma cha kuegeshea. Gurudumu lile lilikuwa la aina inayofunguliwa kwa kuvuta kiwiko kidogo, bila spana. Nilipotoka saa mbili baadaye, gurudumu langu lilikuwa limesimama palepale, limefungwa vizuri sana, likiwa peke yake. Mlinzi alinitazama, akalitazama gurudumu, akasema: "Kufuli lako ni zuri." Hadi leo sijui kama alikuwa ananifariji.

Wanafunzi tunaibiwa kwa sababu ambayo ndugu yetu ameitaja mwenyewe: mwizi anajua kwamba baiskeli iliyofungwa saa tatu kamili haitaguswa na mwenyewe hadi saa tano. Kwa hiyo, lengo la kufuli ni kumpotezea mwizi muda na kumlazimisha afanye kelele, ili aichague iliyo jirani na yako. Nyaya zilizovishwa plastiki, hata ziwe nene kama kidole gumba, hukatwa kwa mkasi wa chuma unaoingia ndani ya koti, na zifae tu kuwa nyongeza. Kufuli kuu liwe la chuma kigumu lenye umbo la U, na liwe dogo kiasi kwamba likishafungwa hakubaki nafasi ya kuingiza nondo ya kulipanulia.

Namna ya kulipitisha ni muhimu kuliko uzito wake. Lipite kwenye fremu, kwenye gurudumu la nyuma na kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini, yote kwa pamoja. Fundi mmoja wa Marekani aliyejulikana sana kwa maandishi yake kuhusu baiskeli, Sheldon Brown, aliyefariki mwaka 2008, alikuwa akifundisha kwamba kufuli dogo linaloshika ringi ya nyuma ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu linatosha kuzuia vyote viwili, kwa kuwa gurudumu haliwezi kuvutwa kupita pembetatu hiyo. Mimi hufanya hivyo, kisha gurudumu la mbele nalifunga na kufuli la pili la aina tofauti, ili anayekuja na kifaa cha aina moja akwame. Itikise nguzo kabla ya kuiamini. Nimewahi kuona nguzo ya alama ya barabarani ambayo bolti zake za chini zilikuwa zimekwisha kuondolewa, ikisubiri tu mtu aje kufunga baiskeli yake. Nguzo fupi nayo haifai, kwa kuwa baiskeli huinuliwa na kupitishwa juu pamoja na kufuli lake.

Lakini, ndugu, baiskeli nyingi huondoka usiku, mahali pa kulala. Kabla hujathibitisha chumba chako, mwandikie mwenye nyumba na umuulize baiskeli italala wapi. Akijibu kwamba kuna nafasi uani, uliza kama ua una mlango unaofungwa. Akisema unaweza kuipandisha chumbani, uliza ni ghorofa ya ngapi na kama kuna lifti, kisha fikiria kilo 15 au zaidi juu ya bega lako kila jioni. Nimewaona wenzangu walioacha kabisa kuendesha kwa sababu ya ngazi hizo, wala si kwa sababu ya magari.

Asubuhi Njema

Kaka zangu wameeleza vizuri, ila naona hofu ya kwanza kabisa ya huyu mdogo wetu, ile ya malori na mabasi, imepitwa juujuu. Mimi ni mwanamke, niliianza baiskeli mjini nikiwa na umri wa miaka 24, na kwa juma la kwanza nilikuwa nikishuka na kuisukuma kila nilipoona basi. Sioni aibu kulisema. Kushuka na kuvuka kwa miguu penye makutano yaliyokushinda ni haki yako, na hakuna anayekuhesabia.

Hofu yako ya malori ni ya kweli na ina mahali pake hasa. Mahali penyewe ni pale lori linapokata kona kuelekea upande wako. Dereva aliyeketi juu ana eneo refu ubavuni mwake ambalo vioo havilioni vizuri, na lori likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, bali hukata ndani zaidi, yakifagia upande wa ukingo wa barabara. Mwendesha baiskeli aliyejipenyeza kati ya lori na ukingo wakati taa ni nyekundu hujikuta amebanwa taa inapokuwa kijani. Kwa hiyo, ukilikuta lori au basi limesimama kwenye taa, baki nyuma yake, hata kama nafasi ya pembeni inaonekana pana na wengine wanapita. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, chukulia kwamba yeye pia hakuoni.

Tofauti na wengi wanavyodhani, kujibanza sana pembeni hakukulindi. Pembeni ndipo kuna vioo vilivyovunjika, mifuniko ya mifereji yenye nafasi zinazomeza tairi jembamba, na milango ya magari yaliyoegeshwa. Acha nafasi ya kutosha mlango mzima kufunguka, yaani zaidi ya mita moja kutoka ubavuni mwa gari, na uendeshe kwa mstari ulionyooka badala ya kuingia na kutoka kati ya gari moja na jingine. Anayekuja nyuma humudu kumkwepa mtu anayetabirika. Kabla ya kubadili upande, geuza kichwa kabisa utazame nyuma, kisha nyoosha mkono. Jizoeze hilo kwenye uwanja mtupu hadi uweze kutazama nyuma bila baiskeli kuyumba, kwa sababu ndilo jambo gumu kuliko yote kwa anayeanza upya.

Taa usizifanye kuwa za giza pekee. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka baiskeli iwe na breki inayofanya kazi, kengele, kiakisi chekundu nyuma, na uwezo wa kuonyesha taa nyeupe au ya njano mbele na nyekundu nyuma. Nchi nyingi zimejengea sheria zao juu ya msingi huo. Soma sheria za huko uendako kabla ya siku ya kwanza, maana zinatofautiana kuliko unavyofikiri: Australia na New Zealand huwalazimisha waendesha baiskeli kuvaa kofia ngumu, Uholanzi haiwalazimishi watu wazima. Mimi huivaa popote nilipo, na taa huwasha hata jioni yenye mwanga hafifu au mvua.

Mvua yenyewe haina ubaya mkubwa kama madigadi yapo. Maji yanayokulowesha zaidi ni yale yanayorushwa na tairi lako mwenyewe, yakichora mstari wa matope kutoka kiunoni hadi kisogoni. Baiskeli inayofunga breki kwa kubana ringi itachelewa kusimama ikilowa, kwa hiyo anza kubana mapema ili raba zifute maji kwanza. Mistari ya rangi barabarani na mifuniko ya chuma huteleza kama sabuni. Ipite ukiwa wima, bila kukata kona wala kubana breki juu yake. Reli za tramu zivuke kwa kuzikata karibu na pembe mraba, kwa kuwa tairi likiingia kwenye mfereji wa reli, baiskeli itasimama na wewe utaendelea.

Kuhusu jasho, ondoa mkoba mgongoni. Hilo peke yake ni nusu ya dawa. Funga keria nyuma, ning'iniza mkoba wa pembeni, na uvalie kompyuta yako kitambaa kinene ili isigongwegongwe. Dakika kumi za mwisho endesha polepole, kama mtu anayekwenda kusalimia, kwa sababu jasho jingi hutoka baada ya kusimama, upepo unapokoma. Kwa wasichana wanaovaa sketi ndefu au baibui, tafuteni fremu isiyo na bomba la juu na yenye kifuniko cha cheni. Mimi nilichanwa nguo mbili kabla ya kulijua hilo.

Mwanafunzi Mgeni

Nawashukuru sana, kaka zangu na dada yangu. Nimemwandikia mwenye nyumba jana, na amejibu kwamba kuna chumba cha chini kinachofungwa kwa ufunguo, ambamo wapangaji wengine watatu huweka baiskeli zao. Nimeamua kuiacha ya kwangu nyumbani. Majuma mawili ya kwanza nitapanda basi huku nikizichunguza njia kwa miguu siku za mapumziko, kisha nitanunua iliyotumika nikiwa na rula yangu mfukoni. Tangu juzi nimekuwa nikienda uwanjani alfajiri na baiskeli ya jirani kujifunza kutazama nyuma. Kwa sasa kila nikigeuza kichwa kulia, nakwenda kulia.

Swali moja limebaki, na ninaomba Fundi anisaidie. Nikipata pancha katikati ya safari, nami nina mtihani, je, nizibe kiraka palepale au nibadilishe tyubu?

Fundi Spoku

Hilo la kugeuka kulia litaisha ndani ya juma moja. Legeza mabega, na mkono wa upande unaotazama usiuvute usukani.

Barabarani badilisha tyubu, kiraka utaziba nyumbani ukiwa umekaa, kwa kuwa gundi inahitaji kukauka hadi isinate kidoleni kabla ya kubandika, na mtu mwenye haraka huwa haisubiri. Beba tyubu moja ya kipimo chako, vijiko viwili vya plastiki vya kutolea tairi, pampu ndogo, na spana ya nati za gurudumu kama si la kiwiko. Hakikisha pampu inashika aina ya valvu uliyonayo, kwa kuwa kuna nene kama ya gari na kuna nyembamba yenye kinati kidogo juu ambacho lazima ukilegeze kwanza. Fanya zoezi zima mara mbili nyumbani kabla hujalihitaji. Mara ya kwanza itakuchukua dakika 40, ya pili 15. Ukiweza kuchagua pa kujifunzia, chagua gurudumu la nyuma, lenye cheni.

Na kabla hujaingiza tyubu mpya, pitisha kidole polepole ndani ya tairi, mzunguko mzima. Mwiba au kigae kilichotoboa ya kwanza mara nyingi bado kimo humo, na nimewahi kumpokea kijana aliyetoboa tyubu tatu asubuhi moja kwa mwiba uleule.